Sifa ya Vidole Haijazi Tumbo

Ndugu msikilizaji, sauti hii inakufikia kwa sababu mtu fulani, mahali fulani, aliinama juu ya meza akaunganisha waya na doa la shaba dogo kuliko punje ya mtama. Historia hutusimulia habari za wavumbuzi. Leo tuzungumze juu ya waungaji.

Redio za zamani zilikuwa na msitu wa waya ndani, kila moja ikichomelewa kwa mkono. Katika miaka ya 1930 Paul Eisler, mhandisi wa Austria aliyekimbilia Uingereza, alianza kuchapa njia za umeme juu ya bodi. Njia zikachapwa, lakini viungo bado vilitaka lehemu. Sehemu 63 za bati kwa 37 za risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Sentigredi na kuganda mara moja. Fundi akizidisha moto, bodi huungua. Akifanya haraka, kiungo hushika juu juu, na chombo kikitikiswa huzima.

Miaka ya 1960 mambo yakawa madogo zaidi. Kipande cha silikoni kiliunganishwa na miguu yake kwa waya nyembamba kuliko unywele. Hapo lehemu haikufaa tena. Waya ilibanwa kwa joto na shinikizo, mfanyakazi akichungulia kwenye hadubini kutwa nzima.

Mwaka 1965 kampuni ya Fairchild ya Marekani ilifungua kiwanda Shiprock, New Mexico, katika nchi ya Wanavajo, wenyeji wa asili. Serikali ilisaidia gharama za mafunzo. Wafanyakazi walifikia 1,000 na zaidi, wengi wao wanawake. Mwaka 1969, jengo jipya lilipozinduliwa, kampuni ilitoa kijitabu kilicholinganisha saketi na mazulia yanayofumwa na Wanavajo. Maana yake ilikuwa kwamba wanawake hao wamezaliwa na vidole vya kazi hiyo.

Mimi nasema sifa ya namna hiyo tuiogope. Ukisema ustadi wa mtu umo katika damu yake, umekwisha kusema kwamba hakujifunza. Na asiyejifunza hadai malipo ya mjuzi. Wanawake wale walifundishwa, wakakosea, wakarudia, wakachosha macho yao. Hiyo ni elimu, si kabila.

Februari 1975, baada ya wafanyakazi zaidi ya 100 kuachishwa kazi, wanaharakati wenye silaha walikiteka kiwanda kwa muda wa wiki moja hivi. Mwezi uliofuata kampuni ilitangaza kukifunga. Tayari ilikuwa na viwanda Asia, ambako wasichana wengine nao walisifiwa vidole vyao vyepesi. Sifa ilisafiri, Shiprock ikabaki na jengo tupu.

Hapa kwetu nimewaona mafundi wa redio na simu wakiketi barazani, kioo cha kukuzia jichoni, wakirudisha uhai kwa waya moja. Mteja husema, "Ni dakika tano tu, punguza bei." Dakika tano hizo zimebeba miaka. Tena moshi wa lehemu si manukato, na risasi ni sumu. Jumuiya ya Ulaya iliizuia katika vifaa vingi vya umeme tangu Julai 2006, lakini barazani bado inatumika.

Basi ukimsifu fundi kwa vidole vyake, mlipe kwa ujuzi wake.