Maajabu ya Viumbe: Kadhi Aliyeandika Habari za Watu wa Majini



Yumkini umepata kuketi barazani baada ya sala ya Isha ukamsikia mzee akihadithia habari za nguva: kwamba ni nusu mwanamke na nusu samaki, na kwamba mvuvi amwonaye huweza kupotewa na akili. Watoto wakacheka huku wakiogopa. Na leo mtoto akifungua kitabu cha hadithi ataiona picha ya kiumbe huyo, imetiwa rangi za kupendeza, ana nywele ndefu na mkia wa magamba. Basi humgeukia babu yake akauliza, "Babu, yuko kweli?"

Swali hili si la kupuuzwa, kwani jawabu atakalopewa litamfundisha mtoto namna ya kuipokea kila habari atakayoisikia baadaye. Kabla ya kumjibu, natumtazame kadhi mmoja aliyelikabili jambo hili zaidi ya miaka 700 iliyopita.

Kadhi huyo ni Zakariya bin Muhammad al-Qazwini. Alizaliwa katika mji wa Qazwin, nchi ya Iran, kiasi cha mwaka 600 Hijria (1203), akawa kadhi wa miji ya Wasit na Hilla huko Iraq katika zama za Al-Musta'sim, Khalifa wa mwisho wa Bani Abbas mjini Baghdad. Mwaka 656 Hijria (1258) majeshi ya Wamongoli yakiongozwa na Hulagu yaliingia Baghdad. Khalifa akauawa, na raia wengi mno wakauawa pia. Qazwini alisalimika, akaishi mpaka mwaka 682 Hijria (1283).

Kitabu kilichompa jina chaitwa Ajaib al-Makhluqat wa Gharaib al-Mawjudat, yaani Maajabu ya Viumbe na Mageni ya Vilivyopo. Katika utangulizi wake aeleza kwamba alipokuwa mbali na nchi yake na jamaa zake, vitabu ndivyo vilivyokuwa wenziwe, akajishughulisha kuyatazama maajabu ya uumbaji wa Mola. Basi zingatia, ewe msomaji: mtu aliyeishi wakati dola kubwa ya Kiislamu ikianguka hakukaa akaomboleza tu, bali alishika kalamu akaeleza mbingu na ardhi zilivyopangwa.

Kitabu kina sehemu mbili. Ya kwanza ni ya mambo ya juu: jua, mwezi, nyota, malaika, na hesabu za siku na miezi. Ya pili ni ya mambo ya chini: moto, hewa, maji na udongo, kisha madini, mimea, wanyama, wanadamu na majini. Humo mna ndege Anka, asemwaye kuwa huweza kumnyakua tembo. Mna kasa mkubwa ambaye mabaharia walimdhania kuwa ni kisiwa, wakashuka wakakoka moto wapike, mara kisiwa kikatikisika. Mna na mtu wa majini, afananaye na binadamu ila ana mkia. Hata Bahari ya Zanj, yaani hii bahari yetu, ina mlango wake katika kitabu hicho.

Viumbe hao hawakuandikwa tu, bali walichorwa. Nakala ya mwaka 678 Hijria (1280), iliyonakiliwa mjini Wasit wakati mwandishi yungali hai, imehifadhiwa mpaka leo katika maktaba ya mji wa Munich, Ujerumani, nayo ina picha za rangi. Baadaye kitabu kilifasiriwa kwa Kiajemi na Kituruki, na kila zama wachoraji wakatia mikono yao. Wanazuoni wetu wana maneno mengi juu ya kuchora viumbe wenye roho, na makala haya hayakuandikwa ili kuitetea kazi hiyo. Tutakalo ni kujua vitabu hivyo vilikusudia nini.

Qazwini mwenyewe aliujibu ulizo huo. Alisema kwamba ajabu ni ile hali ya kupigwa na bumbuazi impatayo mtu anaposhindwa kuijua sababu ya kitu. Akatoa mfano wa mzinga wa nyuki. Mtu ambaye hajapata kuuona, akiziona zile nyumba zenye pembe sita, zote sawasawa, atastaajabu jinsi mdudu dhaifu alivyoweza kazi ambayo fundi mwenye bikari na rula yaweza kumshinda. Lakini sisi tuliozoea hatustaajabu, twala asali tukaenda zetu. Kwa hivyo maajabu hayakupungua duniani. Ni macho yetu yaliyofunikwa na mazoea.

Tena akatoa onyo. Ukiiona sumaku haivuti chuma, usikimbilie kusema kwamba sumaku haina nguvu hiyo, bali chunguza kwanza ina nini. Maneno haya ni ya mtu aliyezoea kusikiliza mashahidi: asiyekataa upesi, wala asiyeacha kuchunguza. Habari nyingi za baharini alizipokea kwa wasafiri na mabaharia, naye hutaja kwamba amezipokea kwao.

Hapa ndipo ilipo hatari ya picha. Mwandishi aweza kuandika "inasemekana", na msomaji akajua kwamba mzigo wa habari uko kwa aliyeisema. Mchoraji hana rangi ya kulichora neno hilo. Akishamchora mtu wa majini, huyo amekaa pale karatasini kama aliyeonekana kwa macho, sawasawa na ngamia na farasi wa ukurasa wa pili. Maneno husahaulika, picha ikabaki.

Na tumrudie sasa nguva wetu. Mwanamke mwenye mkia wa samaki hayuko. Nguva yuko, naye ni mnyama wa kweli aliyeumbwa na Mwenyezi Mungu. Hufika urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 hivi. Hana magamba, hupumua hewa kama sisi, hula nyasi za bahari, huzaa mtoto mmoja baada ya mimba ya mwaka na zaidi, na humnyonyesha kwa matiti yaliyo karibu na makwapa. Aweza kuishi miaka 70. Je, haya si ajabu kuliko ile picha?

Lakini ajabu hii yatutoka mikononi. Mwezi wa Desemba 2022, shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilitangaza kwamba nguva wa Afrika Mashariki wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, na kwamba wakubwa waliobaki hawafiki 250. Wengi wao wako Bazaruto, Msumbiji. Wengine walinaswa katika majarife wakafa kwa kukosa hewa, na nyasi zao zimeharibiwa. Tusipojihadhari, watoto wetu watabaki na nguva wa uongo kitabuni, na yule wa kweli hatakuwapo baharini.

Basi mtoto akikuuliza, usimfukuze wala usimdanganye. Mwambie: huyu wa pichani amebuniwa na mchoraji, wa kweli ni mwingine, naye ni amana mikononi mwetu. Na wewe mvuvi, nguva akiingia katika nyavu yako naye yu hai, mfungue aende zake, kwani mama mmoja akifa huchukua miaka mingi kupatikana badala yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atufumbue macho tuyaone maajabu yaliyo mbele yetu kabla hayajaondoka. Amin.