Chanjo ya Watoto Wachanga na Mama Wenye Mimba: Mambo Ambayo Kila Jamaa ya Kanisa Inapaswa Kujua



Kati ya mwaka 2019 na mwanzo wa 2020, surua iliua watu zaidi ya 6,000 ndani ya inchi yetu, na wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Surua ina chanjo, na chanjo hiyo hutolewa bure. Sisi wachungaji tunaozika watoto hatuwezi kunyamaza juu ya jambo hili. Ndiyo maana tumeandika hapa yale ambayo wazazi na viongozi wa kanisa wanapaswa kujua.

Chanjo inafanya nini?

Chanjo inafundisha mwili kumjua adui mbele hajafika. Mtoto anapewa sehemu ndogo ya kijidudu, au kijidudu kilichodhoofishwa. Mwili unatengeneza askari wake na kukumbuka, na siku ugonjwa wa kweli unapokuja, unakuta mlinzi amesimama mlangoni.

Mama mwenye mimba

Mama anachanjwa juu ya pepopunda (tetanosi). Ugonjwa huu huingia kwa mtoto kupitia kitovu, kama kimekatwa kwa wembe mchafu au kimepakwa udongo, majivu ao mavi ya ng'ombe. Mtoto ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha anashindwa kufungua mdomo, mwili unakauka na kushtuka. Wengi hufa. Jamaa fulani husema mtoto amelogwa, kumbe ni pepopunda.

Mama anapewa dozi ya kwanza anapoanza kupimisha mimba, na ya pili baada ya majuma 4. Kinga yake inapita kwa mtoto tumboni. Dozi ya tatu hufuata baada ya miezi 6, ya nne baada ya mwaka, ya tano baada ya mwaka mwingine. Mama aliyemaliza dozi tano amelindwa kwa miaka yake ya kuzaa. Lakini si kila chanjo inafaa kwa mwenye mimba: ile ya surua hapewi. Kwa hiyo aseme wazi kwa muuguzi kwamba ana mimba.

Mtoto

- Akizaliwa: BCG ya kuzuia kifua kikuu kikali, na matone ya polio.
- Majuma 6, 10 na 14: sindano moja inayozuia magonjwa matano (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini aina ya B, na kijidudu cha Hib kinacholeta homa ya uti wa mgongo), pamoja na matone ya polio na sindano ya kuzuia nimonia. Katika majuma hayo anapewa pia matone ya kuzuia kuhara kali, na kwa majuma 14 sindano ya polio.
- Miezi 9: surua na homa ya manjano.
- Mwaka wa pili: dozi ya pili ya surua.

Wazazi wengi huacha baada ya majuma 14, kwa sababu mtoto anaonekana mwenye nguvu. Hapo ndipo hatari ilipo. Kinga ya surua aliyopewa na mama yake inaisha polepole katika mwaka wa kwanza. Mtu mmoja mwenye surua anaweza kuambukiza watu 9 kati ya 10 walio karibu naye ambao hawana kinga.

Maswali tunayosikia

*Chanjo inaua uzazi?* Hapana. Mama wengi wa makanisa yetu walichanjwa, na wamezaa.

*Mbona mtoto anapata homa?* Homa ndogo ya siku moja ao mbili ni ya kawaida. BCG inaweza kutoa kidonda kidogo. Msikipake dawa wala majani. Mtoto akishtuka, akikataa kunyonya, ao homa ikizidi, mpelekeni kituo cha afya mara moja.

*Tulikimbia vita na kadi ikapotea.* Nendeni kituo cha afya kilicho karibu na mahali mlipo. Elezeni dozi mnazokumbuka. Dozi zilizorukwa zinaendelezwa, hazianzwi upya.

*Kuchanja si kukosa imani?* Katika Kumbukumbu la Torati 22:8 Mungu anaagiza mwenye kujenga nyumba aweke ukuta mdogo pembeni ya dari, ili mtu asianguke. Ukuta huo unajengwa mbele ya mtu kuanguka, na hakuna aliyesema kwamba mwenye kuujenga hamwamini Mungu. Katika 2 Wafalme 20, Hezekia aliomba, Mungu akamsikia, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Maombi na dawa vilikaa katika nyumba moja.

Tena chanjo ni upendo kwa jirani. Mtoto wa miezi mitano hajafikia umri wa chanjo ya surua. Analindwa na wale wakubwa waliochanjwa wanaomzunguka.

Kazi ya kanisa

Tunaomba kila parokia ifanye mambo manne: kutangaza siku ya chanjo katika ibada ya Jumapili, kufungulia wachanjaji jengo la kanisa wanapohitaji mahali, kuwaomba mama wa kanisa watembelee mama aliyejifungua na kuuliza juu ya kadi, na mchungaji akutane kwa upole na mzazi anayeficha mtoto, amsikilize mbele ya kumfundisha.

Kadi ya mtoto itunzwe pamoja na karatasi za maana za nyumba. Siku ya kukimbia, iwe kati ya vitu vya kwanza kuchukuliwa.

Bwana awalinde watoto wetu, na atupe sisi mikono ya kuwalinda pamoja naye.