Misa Iliyozaliwa Kamina

Katika mwaka 1953 Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubeljiji, alifika Kamina, katika inchi ya Katanga. Mwaka uliofuata alikusanya watoto wa masomo na walimu, wakawa kundi la waimbaji. Hakuwaandikia noti. Walitafuta wenyewe katika nyimbo za wazee: Kyrie ikapata sauti ya kilio cha Waluba, Hosana ikapata ngoma ya Kasai. Ndiyo Missa Luba, iliyoimbwa katika Misa pale Kamina tarehe 23 Machi 1958. Mwaka ule ule waliiimba Ulaya.

Vitabu vinataja padri. Lakini watoto na walimu walitunga pamoja naye. Basi, ewe mwalimu wa nyimbo, mbele ya kufundisha, sikiliza.