Moyo unapochomwa: toba huanzia wapi na hufika wapi?

Neno "mlokole" linajulikana leo kutoka Mombasa hadi Bukavu. Asili yake ni Kiganda: balokole, yaani waliookolewa. Waliitwa hivyo Wakristo wa uamsho uliowaka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, na mwanzoni wengi walilitamka kwa kejeli. Watu hao walijulikana hasa kwa jambo moja: walipochomwa moyo kwa ajili ya dhambi, waliikiri waziwazi, kisha wakaenda kutengeneza walichoharibu.

Kuchomwa moyo si toba yenyewe

Siku ya Pentekoste, waliomsikiliza Petro walichomwa mioyo na kuuliza wafanye nini (Matendo 2:37). Walikuwa wameguswa, lakini bado hawajatubu. Neno la Kiebrania shuv, linalotumika sana kwa toba, maana yake ni kurudi. Neno la Kigiriki metanoia ni kubadili nia. Machozi yanaweza kuwapo au yasiwepo.

Paulo anatofautisha huzuni iletayo toba na huzuni iletayo mauti (2 Wakorintho 7:10). Tazama Petro na Yuda. Wote wawili waliumia kwa walichomtendea Yesu. Yuda hata alikiri na kurudisha vipande 30 vya fedha, lakini akaishia kwa makuhani, nao wakamwambia hayo ni yake mwenyewe. Petro alilia, akabaki pamoja na wanafunzi wenzake mpaka Bwana alipomkuta. Tofauti yao ni mahali walipopeleka huzuni yao.

Hapo pia ndipo unapoweza kupima sauti unayoisikia ndani. Roho Mtakatifu hutaja tendo lenyewe na kuonyesha njia ya kurudi. Sauti inayokuambia tu kwamba hufai kitu, bila kukuonyesha njia, haikuelekezi kwenye toba.

Gahini, 1933

Septemba 1929, Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, mashariki mwa Rwanda, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo Mganda, katika kilima cha Namirembe, Kampala. Walisoma Biblia na kuomba pamoja. Baadaye Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, alikuwa mwalimu Gahini. Mwishoni mwa mwaka 1933, katika mkutano wa maombi huko, watu walianza kusimama mmoja baada ya mwingine wakikiri dhambi zao.

Majirani waliuona ukweli wa toba hiyo katika matendo. Vitu vilivyoibwa vilirudishwa, madeni yakalipwa, waliokuwa hawasemezani wakapatana. Wamisionari Wazungu nao walikiri kiburi chao mbele ya Waafrika, jambo lisilokuwa dogo katika enzi ya ukoloni. Ndivyo alivyofanya Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne alichokuwa amedhulumu (Luka 19:8).

Anapochomwa aliyedhulumiwa

Toba haiwahusu wakosaji wakubwa peke yao. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, mtu wa uamsho huo, alilazimika kuikimbia nchi. Akiwa London, katika ibada ya Ijumaa Kuu, alichomwa moyo kwa chuki iliyokuwa ikikua ndani yake dhidi ya Amin. Aliitubu, akasamehe, huku akiendelea kuukemea uovu wa utawala ule. Kutubu chuki hakukumfanya auite ubaya wema.

Swali ambalo Rwanda imetuachia

Mwaka 1994, nchi ulikoanzia uamsho huo iliingia katika mauaji ya kimbari. Watu waliokimbilia makanisani waliuawa humo, na miongoni mwa wauaji walikuwamo waliobatizwa. Walikuwapo pia Wakristo waliokufa kwa kuwaficha jirani zao. Mtu anaweza kutubu ulevi na wizi, akaiacha chuki ya kabila bila kuguswa kwa sababu kila mtu aliye karibu naye anaiona kawaida. Dhambi tunayoshirikiana na watu wetu ndiyo ngumu kuliko zote kuitambua.

Ufanye nini unapochomwa moyo?

Usikawie. Moyo unaoahirisha leo huzoea, na kesho hausikii tena.

Itaje dhambi kwa jina lake mbele za Mungu. "Nimekosa mengi" ni rahisi kusema. "Nilimdanganya ndugu yangu kuhusu shamba" ni toba iliyoanza.

Mwendee uliyemkosea. Rudisha kinachorudishika, bila kudai akusamehe papo hapo. Kama kosa ni la jinai, kuungama kanisani hakuchukui nafasi ya sheria.

Kiri kwa kipimo. Dhambi ya siri haihitaji kutangazwa kwa kila mtu. Mkristo mmoja mkomavu anaweza kutosha. Ungama ya kwako, usianike ya mwenzako. Kama maneno yako yatamwumiza au kumhatarisha mtu mwingine, tafuta ushauri kwanza.

Kisha ukubali kwamba umesamehewa (1 Yohana 1:9). Anayeendelea kujiadhibu kwa dhambi aliyokwisha kuiungama na kuiacha bado hajamaliza safari ya kurudi.