Ada za uhamiaji katika Mbwera na delta ya Rufiji

Ada za uhamiaji ni fedha ambazo mwombaji huilipa Serikali ili ombi lake la pasipoti, hati ya safari, viza, kibali cha ukaazi au uraia lishughulikiwe. Nchini Tanzania hukusanywa na Idara ya Uhamiaji, iliyo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Misingi yake imo katika Sheria ya Uhamiaji ya 1995 na sheria ya pasipoti na hati za kusafiria ya 2002, na viwango huwekwa kwa kanuni. Kwa kuwa uhamiaji na uraia ni mambo ya Muungano, mtu wa Mbwera, wa Mafia na wa Makunduchi kule Unguja hulipa sawa. Tofauti hutokea pembeni ya kiwango hicho, na huko ndiko gharama kubwa ilikojificha.

Mbwera ni eneo la vijiji ndani ya delta ya Rufiji, Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani. Kwa vizazi vingi delta hii ilikuwa na uhusiano na ng'ambo: majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi kuja kuchukua boriti za mikoko kwa ajili ya kuezekea nyumba za Arabuni na Ghuba. Siku hizi wanaoihitaji pasipoti huko ni mahujaji, vijana wanaotafuta kazi Oman, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa nje na wachache wanaosoma. Aendaye Unguja haihitaji. Wapo wanaolipishwa na vishoka kwa kutolijua hilo tu.

Pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa na Rais John Magufuli tarehe 31 Januari 2018. Ada yake ni shilingi 150,000, yaani 20,000 za fomu na 130,000 za pasipoti yenyewe, na hati hiyo hudumu miaka 10. Ile ya zamani ilikuwa shilingi 50,000. Kupanda mara tatu kwa mkupuo si jambo dogo kwa mkulima wa mpunga anayepata fedha taslimu baada ya mavuno, ingawa mgawanyo wa malipo humpa nafuu: mwombaji huanza na ada ya fomu, na kiasi kikubwa hufuata baadaye.

Namna ya kulipa imebadilika kuliko jambo lingine lolote. Zamani fedha zilihesabiwa dirishani, na kati ya dirisha na stakabadhi palikuwa na nafasi ya mikono mingi. Kuanzia 2017 Serikali ilianza kuzielekeza taasisi zake kwenye mfumo mmoja wa malipo ya kielektroniki unaosimamiwa na Wizara ya Fedha. Mwombaji hujaza fomu mtandaoni, kisha hupewa kumbukumbu namba, ambayo wengi huiita kontrol namba: tarakimu 12, kwa kawaida zikianza na 99. Kwa namba hiyo hulipa benki, kwa wakala, au kwa simu yake kupitia sehemu ya malipo ya Serikali. Namba ina muda wake; ukipita, huombwa nyingine. Fedha huingia moja kwa moja katika akaunti ya Serikali, kwa hiyo ofisa wa uhamiaji hana sababu yoyote ya kupokea noti mkononi, na anayeziomba azikose.

Kwa mtu wa delta hayo ni mageuzi ya kweli, lakini ni nusu tu. Fedha huvuka mikondo ya Rufiji kwa dakika moja, mradi mtandao upo. Mwombaji mwenyewe lazima asafiri. Alama za vidole na picha hazitumwi kwa simu. Ofisi ya uhamiaji ya mkoa iko Kibaha, ng'ambo ya pili ya Dar es Salaam. Kwanza kuna kutoka delta kwa mtumbwi, boti au barabara ya udongo, kutegemea msimu. Kisha basi kutoka Kibiti kupitia Mkuranga hadi Mbagala, kuvuka jiji zima, na kushika barabara ya Morogoro. Nauli, chakula na mahali pa kulala havimo katika kanuni yoyote. Pengo likionekana kwenye cheti cha kuzaliwa, au jina likatofautiana na lile la kitambulisho cha Taifa (NIDA), safari hurudiwa. Tofauti hizo ni za kawaida mno pwani: Mwanahamisi huandikwa Hamisa, na jina la babu hugeuka la baba.

Hapo ndipo huingia mtu wa steshenari. Fomu inataka kompyuta, barua pepe na mashine ya kuchapia, hivyo wengi hujaziwa Kibiti au Mbagala kwa malipo. Malipo hayo ni halali, ila si ada ya Serikali, na mteja anafaa aonyeshwe kumbukumbu namba yake na aitoe fedha mwenyewe. Kukosewa herufi moja steshenari kunaweza kugharimu kuliko fomu.

Wageni hulipa kwa dola. Viza ya kawaida ya kuingia mara moja ni dola 50, ya kupita dola 30, ya biashara dola 250. Wamarekani hutakiwa kuchukua ya kuingia mara nyingi, dola 100. Tangu 2018 viza huombwa mtandaoni. Anayekaa kwa muda huhitaji kibali cha ukaazi: daraja A kwa wawekezaji, B kwa waajiriwa, C kwa makundi mengine wakiwamo wanafunzi na watafiti, kama hao wanaofika Mbwera kuchunguza mikoko na kamba. Ada ya viza hairudishwi hata ombi likikataliwa, na tovuti za kuiga zipo, zikitoza zaidi. Anwani rasmi za Serikali huishia na .go.tz.