Ndovu wa Msasani na Mtoto wa Mbwa

Watu wengi vijijini mwetu hulalamika kwamba mbwa wao hawasikii. Mbwa aitwapo hukimbia, akatazwapo huendelea. Mara nyingi twaulizwa sisi walimu: mnyama hufundishwaje utii? Tumeona vema kujibu kwa habari iliyotukia katika pwani yetu wenyewe.

Zamani za misafara, mali iliyotoka Bagamoyo kwenda bara ilichukuliwa mabegani mwa wapagazi, kila mtu kadiri ya frasila mbili. Punda na ng'ombe hawakufaa, maana mbung'o waliwaua njiani. Ndipo Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, alipowaza kutumia ndovu. Mwaka 1879 alileta ndovu wanne kutoka Bara Hindi, pamoja na waongozaji wao, chini ya Kapteni Carter. Nia yake ilikuwa kwamba baadaye ifunguliwe shule ya kuwafundisha ndovu wa Afrika nao.

Walifika Msasani, kaskazini ya mji wa Dar es Salaam wa siku zile. Gati haikuwako, basi wakateremshwa baharini, wakaogelea hata ufukoni. Hawa walikuwa wamekwisha kufundishwa kwao: mwongozaji alisema neno moja, na mnyama mkubwa vile alipiga magoti apakiwe mzigo.

Lakini utii wao haukuwaokoa. Walitwishwa mizigo mizito mno, wakaachwa wale walichokiona njiani badala ya chakula walichokizoea. Mmoja alikufa Mpwapwa, na wawili wakafa mbele ya safari. Mmoja tu, jina lake Pulmalla, alifika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwezi wa Desemba, naye hakuishi sana. Mwaka 1880 Carter aliuawa huko bara, na shule ile hakuifungua.

Baadaye, katika nchi ya Kongo, Laplume alianza kazi ile upya. Yeye alichukua ndovu wa Afrika walio wachanga, akawafundisha polepole. Miaka ilipopita walivuta magari na majembe ya kulimia. Wahenga walisema kweli: samaki mkunje angali mbichi.

Basi na mtoto wa mbwa ni vivyo hivyo. Mwanzeni angali mdogo. Chagueni neno moja kwa kila amri, kama vile "njoo", "kaa", "ngoja", na watu wote wa nyumbani walitumie neno lilo hilo. Atendapo sawa, mpeni papo hapo kipande kidogo cha chakula na kumsifu. Akikawia kupewa, hatajua amelipwa kwa tendo gani. Mfundisheni kitambo kidogo kila siku, kisha mwacheni acheze. Wala msimwite kisha mkampiga, maana atajifunza kwamba kuitwa ni kupigwa, na kesho hatakuja.

Na akiisha kutii, msimsahau. Wale ndovu wa Msasani walitii kila neno, na mabwana zao hawakuwapa hata chakula cha kuwatosha. Mithali za Sulemani zatufundisha kwamba mwenye haki huangalia maisha ya mnyama wake. Mbwa alindaye nyumba usiku kucha naye ana haki ya maji, chakula na kivuli.