Mnara wa Kumbukumbu ya Malkia Victoria
Mnara huu wa marumaru, kazi ya mchongaji Thomas Brock, uko mbele ya Kasri la Buckingham, London, kumuenzi malkia aliyefariki mwaka 1901. Mfalme George V aliuzindua tarehe 16 Mei 1911, Kaizari Wilhelm II wa Ujerumani akihudhuria. Wote wawili walikuwa wajukuu wa Victoria. Mwaka 1914 nchi zao ziliingia vitani, vita vilivyofika hadi Tanga. Malkia ameketi akilipa kasri kisogo, macho yakielekea barabara ya The Mall. Watu wa kasrini wao huangaliana na sanamu ya mama na watoto, pengine iliyo nzuri kuliko zote. Kileleni inang'aa sanamu ya Ushindi, yenye mabawa, iliyopakwa dhahabu. Kazi yote ilikamilika mwaka 1924.